Bartholomeo Kobelo na Bwawa Lisilokuwa na Utoro

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, majirani zetu wa dini zote, ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleikum, na poleni kwa kusimama kwenye tope. Anayewasomea ni Rogers, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake Anastasia, na haya yaliyoandikwa yalipitiwa jana na familia nzima, neno likaongezwa hapa na kufutwa pale, mpaka mama Rehema, mjane wa marehemu, aliposema basi, someni hivyo hivyo, mwenyewe hakupenda kupambwa.

Mzee Bartholomeo Alois Kobelo alizaliwa Matombo tarehe 24 Agosti 1956, siku ya mtakatifu aliyempa jina, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Alois Kobelo na marehemu mama Felista, akabatizwa huko huko, na waliomlea walisimulia kwamba hakuwa mtoto wa kukaa mkekani, ukigeuka upande huu yeye ameshafika upande ule.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964, akamaliza la saba mwaka 1970, na familia haioni sababu ya kuficha kwamba alikuwa mtoro anayejulikana, si mkorofi wala si mzito wa kuelewa, ila dirisha la darasa lilimshinda, akiona lori la mbao linateremka kwenda mjini alikuwa ameshadandia. Mama Felista alikuwa akijifunga kanga, anamfuata Morogoro, mara kwa gari, mara kwa miguu, anamkuta stesheni amekodolea macho injini za treni, anarudi naye bila kumpiga, njiani wakigawana muhogo wa kuchoma. Utoro huo ulikoma alipopelekwa kujifunza ufundi wa mitambo, kwa sababu huko, alisema, vyuma ndivyo vilivyokuwa vinazunguka, yeye akaweza kutulia.

Mwaka 1976 aliajiriwa kiwandani Mzinga, akatumika huko kama fundi mitambo mpaka alipostaafu Agosti 2016, na wenzake waliopo hapa wanakumbuka alivyokuwa akila ugali amesimama. Tarehe 15 Oktoba 1983 alifunga ndoa takatifu na Rehema, Mungu akawajalia watoto, Godfrey, Glory na Frank, wakaishi kwanza Mwembesongo katika nyumba ya kupanga, kisha wakajenga hapa juu ya Bigwa, kwenye shamba la ukoo wa mama Felista. Mama mwenyewe alipozeeka alihamia kwao, akafariki tarehe 3 Mei 2009, akazikwa kwenye kigongo kilicho kulia mwa bonde, mahali alipozoea kuanika maharage yake.

Kustaafu hakukumkalisha kitini. Mwaka 2017 aliziba bonde lile kwa tuta la udongo, akakodi trekta, akaita vijana wa mtaa, wakamwaga na kushindilia kiangazi kizima, kijito kikajaza bwawa, akafuga perege, akamwagilia kabichi na karoti, majirani wa chini nao wakavuta mipira kumwagilia mchicha wao, kila mtu akamsifu, na sifa hizo zilikuwa za haki. Lakini mji nao ulikuwa unapanda mlima, nyumba zikazidi kusogea chini ya tuta, ya kwanza kabisa ikiwa ya bibi Mwaisha, anayelea wajukuu, ambaye leo amesimama nasi hapa.

Mwishoni mwa mwaka 2019 alifika bwana Halidi, kijana wa ofisi ya maji ya bonde, anayezungukia mabwawa ya watu binafsi, maana bwawa la Mzee lilikuwa halijasajiliwa, akasalimia shikamoo, akalizunguka tuta lote, akarudi na suruali imejaa tope, akasema, "Mzee, bwawa zuri, lakini halina utoro."

"Utoro niliumaliza shuleni, mwanangu," marehemu akajibu, watu wakacheka, Halidi naye akacheka, kisha akaeleza kwamba utoro wa bwawa ni njia ya pembeni ya kupitishia maji likijaa, kwamba bomba dogo la Mzee halitoshi kwa mvua kubwa, na kwamba maji yakipanda juu ya tuta la udongo yatalila mpaka liondoke lote, na chini kuna watu. Akaulizwa utoro huo upite wapi, akatazama upande wa kushoto ambako ni genge la udongo unaomong'onyoka, akatazama kulia kwenye kigongo kigumu, akaona msalaba, akauliza ni nani. Marehemu akasema, "Mama." Mama Rehema akaleta chai, mgeni akainywa, akaaga.

Kuanzia hapo ilikuja miaka ambayo wengi mlimwona kwa sura yake tu, mkamwita kiguu na njia, hamkujua kinachomtembeza. Aliongeza bomba la pili, akapandisha tuta kwa viroba vya udongo, Halidi akarudi kumwambia viroba si dawa, marehemu akamwitikia kwa adabu na asichimbe kitu, maana kila alipochukua sururu kwenda kigongoni alirudi nayo ikiwa kavu. Masika yote aliyapitia amesimama kwenye tuta na jembe mkononi. Kwenye sendoff ya Glory, Aprili 2021, mshereheshaji alimwita acheze na binti yake, akamwita tena, kiti kilikuwa kitupu, kwa kuwa wingu lilikuwa limefunga mlimani, na Glory akachukua kipaza sauti akasema, "Msimtafute, baba yangu ana mke mdogo, anaitwa Bwawa," ukumbi ukaangua kicheko, bibi harusi akaenda chooni kulia.

Aliyemwambia wazi ni bibi Mwaisha. Ilikuwa Aprili 2024, mvua zile ambazo hakuna aliyezisahau, maji yalipanda mpaka yakalamba viroba, yakashuka yenyewe, na kulipopambazuka bibi alipanda akamkuta bado amesimama, akamwambia, "Mzee Batromeo, ukipita kwangu na tochi mimi nakuona, wewe usipolala mimi nilale vipi? Unamlinda mama yako, hulaumiwi, ni mama. Lakini na mimi nina wangu mle ndani, na wangu wanapumua."

Alikwenda Matombo siku hiyo hiyo bila kubadili viatu, kwa babu yetu Agustino, mdogo wake mama Felista, kwa kuwa shamba ni la ukoo na kaburi ni la ukoo, na mpwa hafukui bila mjomba wake kuridhia. Babu, ambaye macho yake yalikuwa yameshafifia, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Dada yangu alikufuata mjini mara ngapi?" Marehemu akasema hazihesabiki. Babu akasema, "Na hakuna siku aliyosema amechoka kutembea. Nenda kamchukue."

Si wote tuliokubali. Mama Anastasia, aliyeturuhusu kulisoma hili akiwa ameketi hapa mbele, alimwambia kaka yake kwamba samaki wamemshinda mama thamani, akasema libomolewe bwawa lote, aachwe mama, na hata leo hatuwezi kusema alikosea, isipokuwa wakati huo familia nyingi zilikuwa zinaishi kwa maji yale. Yeye na kaka yake walipitisha mwaka mzima bila kusalimiana. Vibali vilipatikana, paroko alikuja na maji ya baraka, na tarehe 7 Septemba 2024 mama Felista alihamishiwa katika makaburi haya ya parokia, marehemu akiingia mwenyewe shimoni, asikubali vijana wamguse. Utoro ulichimbwa kigongoni, ukajengewa mawe, Halidi akaukagua, viroba vikatolewa, na bwawa likasajiliwa kabla ya masika ya mwaka jana.

Tulidhani sasa angelala. Maji yalipopita utoroni kwa mara ya kwanza wajukuu wa bibi Mwaisha walipiga makofi, yeye alisimama kando anayatazama, akamwambia mkewe, "Yanapita juu yake," na mama Rehema akamwambia, "Hayupo pale, Baba Godfrey, yanapita tu." Aliitikia, na wingu lililofuata likamkuta tena njiani na jembe lake, maana utoro unaziba majani na magogo ya migomba usipotazamwa. Aliyempokea jembe siku moja alipochoka ni dada yake Anastasia, aliyekuja bila kuitwa, wakazibua pamoja, na hatujui walisemeshana nini, ila walirudi wanagombana kuhusu chumvi ya mboga kama zamani.

Januari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakasema ni moyo, akalazwa, akapata nafuu, akalazwa tena, na kila aliyekwenda kumwona aliulizwa kwanza, kabla ya pole, "Yamefika wapi?" Alifariki asubuhi ya tarehe 18 Machi 2026, akiwa na umri wa miaka 69, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kuvumilia maswali yake, wafanyakazi wenzake wa Mzinga waliobeba jeneza, jumuiya ndogondogo, bwana Halidi aliyekuja leo kama mfiwa, na majirani wote, zaidi bibi Mwaisha, aliyezibua utoro kwa mikono yake muda wote Mzee alipokuwa hospitali.

La mwisho, tunajua mnanong'ona, na mna haki ya kuuliza. Mtoto wake wa kwanza, Godfrey, hamumwoni hapa kaburini. Tangu alfajiri mlima umefunga, tope hili mnaliona, na alipotaka kuvaa suti mama yake alimtazama, akampa jembe. Udongo wake atakuja kuutia jioni, maji yakishuka, na tunaomba asihukumiwe na mtu.

Mjomba, pumzika kwa amani, mvua ya leo ina mtu wake.