Tone Moja, Mpigo Mmoja

Mgeni rasmi, Bi. Muthoki kutoka ofisi ya mafundi wadogo, wauguzi wa zahanati yetu na majirani wote wa Kayole, hamjambo.

MAKARIBISHO

Karibu sana. Tulihofia ungemtuma msaidizi, kwa hivyo kukuona hapa kumetutua mzigo. Utuwie radhi kwa kelele nyuma ya hema. Ni Opicho, fundi wa kuchomelea vyuma, na sisi ndio tuliomwomba asiache kazi.

TULIKOTOKA

Sisi ni mafundi wa redio na simu. Zahanati iliyo juu ya karakana ya Opicho ilituomba mashine ya kumsaidia muuguzi Nthoki kuhesabu matone ya dripu. Tone likipita mbele ya taa ndogo, kivuli chake hutoa mpigo wa umeme, na mashine huuhesabu. Tuliijaribu Jumapili baada ya ibada yetu ya asubuhi, maana siku nyingine wateja hutubana. Haikukosea hata kidogo.

Jumatatu, wodini, ikahesabu matone ambayo hayajadondoka, king'ora kikalia, na watoto wakalia nacho. Nthoki akatuambia, "Hii mashine yenu imeokoka. Inafanya kazi Jumapili tu." Kwa bahati alikuwa bado anahesabu kwa macho yake, hakuna aliyedhurika.

Kumbe umeme wa cheche za Opicho ulikuwa ukiingia kwenye waya wetu, na mashine ikiudhania matone. Kamati ya zahanati ikaomba ahamishwe, na familia yake inakula kwa hiyo karakana. Yeye alituuliza tu, "Mlikuwa mnatesti nikiwa church. Si mngeniambia nikuje nichome kidogo?" Wewe, mgeni rasmi, ndiwe uliyesimamisha notisi ya kumhamisha hadi leo ujionee, na hatujasahau.

MAFANIKIO

Tuliuunda mpigo upya. Sasa saketi, yaani njia ya umeme ndani ya mashine, haikubali ishara yoyote mpaka ipande vizuri na kukaa juu kidogo. Cheche hupita haraka mno, haipati nafasi. Ishara ikikubaliwa, saketi hutoa mpigo mmoja mfupi, wenye kingo kali za kupanda na kushuka na urefu uleule kila mara, kisha hujifunga mpaka tone lipite kabisa. Tangu Pasaka Opicho amechomelea mageti na vitanda, na king'ora hakijalia bure. Jamani, tumepumua.

CHANGAMOTO

Mpigo wa kasi hivyo hauonekani kwa macho. Unahitaji oskiloskopu, mashine inayochora umbo lake kwenye kioo. Huwa tunaazima ya rafiki kule Mathare, na mara nyingi yeye huitaka tukiwa katikati ya kuangalia.

MAOMBI

Tungeshukuru kupata oskiloskopu yetu. Lakini kama ni ombi moja tu utakalotukubalia, liwe kwamba Opicho asihame. Dripu iliyo mezani pako imekuwa ikidondoka tangu tuanze kusoma. Mashine inahesabu, na Nthoki anahesabu kando yake. Tafadhali linganisha.

Opicho hakuja kukaa nasi hemani, kwa sababu akizima mashine yake jaribio letu litakuwa la Jumapili tena. Hajasikia neno hata moja la risala hii. Tunaomba akizima, akute jibu lako linamngoja.

Mungu akulinde safarini, awaponye walio wodini, na abariki mikono ya kila jirani.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi Mapigo, Kayole.
Imesomwa na Triza Luseno, katibu.