Hija bin Seleman na Fungu la Ardhi Ngumu la Zinga

Kwa jina la Mola Mwenye kurehemu. Ndugu waombolezaji, kabla hatujaliinua jeneza, familia imenituma mimi, Muhidini bin Nasor, binamu wa marehemu, niwasomee maisha yake.

Marehemu Hija bin Seleman alizaliwa Zinga, mwezi wa Mfungo Sita, mwaka wa 1247 wa Hijra, akafuatiwa na dada mmoja, Bi Kibibi, aliyepo leo miongoni mwa wafiwa. Alisoma chuo cha Kurani huko Kaole, akahitimu mwaka wa 1260, kisha akarejea kushika jembe la baba yake, akilima mtama, mihogo na kunde. Mwaka wa 1272 alimwoa Bi Mwanvita wa Mlingotini, wakajaliwa watoto watano, watatu wakatangulia kwa ndui, wakabaki Sadallah na Ashatu.

Baba yao alipofariki, mwaka wa 1290, marehemu ndiye aliyegawa shamba, na hapa nitasema kweli, kwa kuwa maiti hafaidiki na sifa za uongo. Alichukua bonde lenye udongo mweusi, akampa dada yake fungu la juu, ambako misafara ya bara ilipiga kambi miaka mingi, wapagazi wakaikanyaga ardhi ile hadi jembe likawa linadunda, mvua ikasimama juu yake kama juu ya sinia, na mizizi ya muhogo, ikishuka shibiri moja, ikapinda kando. Kwa kipimo fungu lilitimia, kwa haki lilipunguka, nasi tuliokuwapo tulinyamaza. Njaa ya mwaka wa 1301 ilipoingia, Bi Kibibi, mjane mwenye yatima, hakuvuna hata pakacha moja, akamwambia kaka yake mbele za watu, "Hija, wewe umenirithisha barabara."

Mola ametuonya kwamba anayekula mali ya yatima anajaza moto tumboni mwake, na marehemu alikiri kwamba moto huo aliuhisi. Alitaka kumpa bonde, Bi Kibibi akakataa, akasema hataki sadaka ya kaka, anataka fungu lake lizae. Basi alichukua nanga ya chuma ya mashua ya baba mkwe wake, yenye makucha manne, mhunzi Darwesh akakata matatu, ukabaki ukucha mmoja, mrefu kama mkono, wa kukokotwa na punda chini ya tabaka gumu ambalo jembe halilifikii. Watani wa Mlingotini wakasema, "Kesho Hija atavulia samaki kwa jembe," naye akacheka nao.

Alianza Rajabu iliyopita, katikati ya masika, akidhani udongo uliolowa ndio rahisi kukatika, nanga ikapita kama kisu katika tende, lakini ukucha uliukandika udongo mbichi pande zote, na jua lilipotoka pakawa pagumu kuliko awali. Bi Kibibi alikuja, akapiga kisigino chini, akasema, "Kaka, sasa umenisakafia kabisa." Marehemu alisubiri kiangazi, na baada ya Idi ya Ramadhani, ardhi ikiwa kavu hadi chini, alirudi na punda sita na majirani, ardhi ikapasuka kwa kishindo, mabonge yakainuka, na nusu ya fungu ikafunguka.

Tarehe 14 Mfungo Tatu nanga iliruka, ikamchana muundi, akakifunga kidonda kwa kilemba na kuendelea, akihofia vuli isimkute, na hilo halikuwa jambo la busara, siku ya nane taya lilikaza, ikawa pepopunda, na alfajiri ya tarehe 25, mwaka huu wa 1304, kinywa kikiwa kimefungwa, aliitoa shahada kwa kidole, akafariki.

Bi Kibibi ametutuma tuseme mbele ya jeneza hili, kwamba kwa nusu iliyofunguka amemwia radhi, na nusu iliyobaki anaingoja. Wako walioona maneno hayo ni makali siku ya msiba, mimi nayaona ni rehema, maana ametaja kilichobaki, na kilichobaki kinaweza kutendwa na mikono iliyo hai.

Tunamshukuru tabibu Sabah aliyekesha naye, mhunzi Darwesh, majirani wa Zinga na wote waliovuta kamba ya nanga, Mola awalipe. Hitma ni keshokutwa, na asubuhi inayofuata Sadallah atawafunga punda, ardhi bado kavu, mwenye nguvu asikae nyumbani.

Pumzika kwa amani, Hija, nusu iliyobaki ni juu yetu.