Siku Sihem Alipoleta Picha ya Neva

Kijiwe chetu ni benchi lililo nje ya mgahawa wa Lamjed, hapa Sfax. Pembeni hukaa Monji, tuliyemwita Sindano kwa kuwa alikuwa fundi cherehani kabla ugonjwa haujamshambulia mishipa ya fahamu. Mwaka wa sita huu mkono wake wa kulia una ganzi, na ngazi tatu tu zinamtoa jasho. Madaktari walimwambia maganda ya neva zake yanabanduka na hayarudi.

Sisi tiba tulikuwa nazo. Waya, fundi umeme, alisema waya ukichubuka unazungushiwa tepu, kwisha. Balozi, aliyewahi kumwendesha balozi, alidai damu ya Monji ni nzito, anywe mafuta ya zeituni. Wiki iliyofuata akashauri damu ipunguzwe nusu.

— Ipunguzwe yako, ndiyo iliyozidi, Waya akamjibu.

Jumamosi moja alasiri akaja Sihem, binti wa Monji, bado amevaa koti la maabara. Kwa miaka minne alikuwa akihangaika na maganda hayo, na mkuu wake alishamwambia jaribio analofanya sasa ndilo la mwisho. Hakuketi.

— Baba, Ami Balozi alikaribia kupatia, alisema. Shida imo kwenye damu.

Balozi akajiweka sawa. Sihem akatueleza kwamba kuna protini inayogandisha damu kwenye kidonda. Ikivuja ikaingia ubongoni, hunata humo, na chembe changa zinazotakiwa kutengeneza maganda mapya hukataa kukomaa. Wao waliwaondolea panya wagonjwa protini hiyo. Akatoa picha: upande mmoja neva tupu, upande wa pili kila neva imevikwa duara jeusi.

— Haya yameota upya, baba. Tumerudia mara tatu.

Monji akaishika kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na macho. Mgeni mmoja aliyekuwa akisubiri kahawa akauliza:

— Na kwa watu, ni lini?

Sihem akatikisa kichwa. Akasema bado wako kwa panya tu.

Monji akajiinua kwa fimbo, akaingia ndani, ambako mgahawa mzima ulikuwa ukitazama mpira, akamwomba Lamjed azime televisheni, naye akaizima. Akainua picha juu.

— Niliambiwa hayarudi, alisema. Binti yangu ameyarudisha.

Ilikuwa dakika ya themanini na timu yetu inaongoza kwa bao moja. Hakuna aliyetaka televisheni iwashwe mpaka picha ilipozunguka meza zote.