Sahani Mpya za Maabara

Benchi letu liko ubavuni mwa karakana ya Welda, na asubuhi ile hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Kliniki ya uzazi ilikuwa imempigia simu: viinitete vitatu, vyake na mkewe, vilivyotungwa maabara, vimekufa kabla ya kupandikizwa. Kahawa ikamiminwa. Midomo ikafunguka.

— Ni mwezi mchanga huo, alisema Kinyozi. Hata nywele huwa hazikatiki vizuri.

— Mwezi wapi! aliruka Redio, ambaye hunyamaza akilala tu. Ni mawimbi ya simu! Kiumbe mdogo kuliko chembe ya chumvi atayaweza?

— Ni plastiki.

Tuligeuka. Alikuwa Dada Maabara, jirani yetu, mlezi wa viinitete kwenye kliniki ileile. Macho yamemwiva.

— Si nyinyi peke yenu, shemeji. Vimekufa vya wengi tangu tubadilishe sahani za plastiki tunamovilelea. Juzi nilitia mbegu za kiume kwenye sahani mpya, nyingine kwenye zile za zamani. Za kwenye mpya zikaacha kuogelea mapema. Kuna sumu inavuja kutoka kwenye plastiki.

— Si ndiyo! Chombo cha kuzama hakina usukani! Redio alipiga paja. Plastiki imechoka kutupwa mitaroni, sasa inatuzuia kuzaliwa!

— Redio, kunywa kahawa, alisema Kinyozi.

— Zinanuka? Welda aliuliza.

— Ukifungua pakiti, kama kiti cha gari jipya.

— Zianikeni basi. Hata rangi mbichi huachwa ipumue.

— Nimezianika, nimezisuuza. Mbegu zikaishi zaidi, lakini si kama kwenye za zamani. Nimekataa mzigo mzima. Bosi kanuna, na anune! Kuanzia leo hauingii mzigo wa sahani nisioupima kwanza.

Hapo akatokea mke wa Welda, ambaye hajawahi kukanyaga kijiweni. Tulimpisha, hakuketi; alikuwa ameyasikia yote.

— Dada, mngepima mapema, watatu wangu wangeishi?

Redio alimsogezea mama huyo kikombe cha kahawa.

— Sijui, mdogo wangu, alisema Dada Maabara. Ningejua ningekwambia.

Mke wa Welda alifuta uso kwa kiganja.

— Haya. Zikipatikana sahani zilizopimwa, nipigie mimi kwanza. Naanza upya.

Akamgeukia mumewe.

— Na wewe?

Welda alikuwa keshasimama.

— Tunaanza.