Mwalimu Mbona Anaaga Darasa la Kwanza

Tarehe thelathini ya mwezi huu, kengele ya mchana ikilia, mwalimu wetu wa darasa la kwanza atafuta ubao kwa mara ya mwisho na kustaafu. Ameitumikia shule hii miaka thelathini na minne, yote katika chumba kilekile chenye dirisha linalofungwa kwa kamba. Jina lake la kwenye orodha ya mishahara mnalijua. Sisi humu ofisini, wazazi pale getini, na hata watoto wakidhani hasikii, tunamwita Mwalimu Mbona.

Jina hilo alilipata mapema. Alipoajiriwa, msichana mwembamba aliyetoka chuoni juzijuzi, alipewa darasa la kwanza kwa sababu wakubwa wake wote walilikwepa. Wiki ileile akauliza mbona watoto wafupi wanaketi nyuma, mbona chaki za rangi zimefungiwa kabatini, mbona mtoto anafundishwa jina la herufi kabla ya kujua inaliaje. Mwalimu mkuu wa wakati ule alijibu swali la kwanza, akajibu la pili, la tatu akanywa chai yake.

Mimi nafundisha darasa la pili, ukuta mmoja naye. Watoto wakitoka kwake huja kwangu, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza nimeyaona mwenyewe.

Miaka yake ya mwanzo alifundisha kama sote tulivyofundishwa. Mwalimu anasoma, darasa linaitikia, mpaka ukurasa mzima unaimbika. Darasa lake lilisifika, na wageni wakija walipelekwa kwake moja kwa moja. Nyota wa darasa alikuwa binti wa fundi cherehani wa jirani na shule. Baba yake alikuwa na mazoea ya kumsimamisha mbele ya wateja awasomee huku wakisubiri kupimwa.

Asubuhi moja binti huyo alisimama akasoma ukurasa wa mbuzi, sentensi zote, bila kukwama. Mwalimu alikuwa nyuma yake. Akaona kwamba kitabu alichoshika mtoto kimechanika, nusu ya chini ya ukurasa haipo. Picha ipo, maneno hayapo.

"Mwanangu, umesoma wapi hapo?"

"Hapa, Mwalimu. Mbuzi akiwa juu ya mawe, tunasema hivyo."

Mwingine angecheka, au angekasirika. Yeye alishikwa na hamu ya kujua. Akaandika ubaoni neno moja la ukurasa uleule, peke yake, bila picha. Hakuna aliyelisoma. Akaandika jingine. Darasa zima likamtazama kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Mapumziko alikuja kwangu, chai ikampoa mkononi. "Dada," akaniambia, "mbona kumbe nafundisha kwaya?"

Kuanzia siku hiyo alirudi mwanzo kabisa, kwenye sauti. Alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi mlangoni, akanunua vibanio, akaandika herufi kwenye kila kimoja. Kibanio cha m kililia mmm, na kikisogezwa karibu na a, vyote viwili vililia ma. Watoto walijitazama midomo kwenye kioo waone p inavyopasuka na f inavyopuliza. Na ili mtu asibahatishe, alibuni maneno yasiyokuwepo duniani: fopi, nyebo, tigamu. Usipozisoma herufi zake, neno hulipati. Hilo la tigamu lilikataa kufa. Watoto walimpa jina hilo kiti kimoja cha miguu mitatu, na mpaka leo kiti chochote kibovu shuleni kwetu ni tigamu.

Hapo shida ikaanza. Darasa lililokuwa likisoma kama redio sasa lilihangaika na neno moja, mmm, aaa, ma. Wazazi wakanung'unika. Fundi cherehani alikuja mwenyewe, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Mwalimu, mtoto wangu alikuwa anasoma. Mmemfanya nini? Nimemsimamisha mbele ya watu, anatafuna herufi kama mfupa. Na hiyo fopi ni nini?"

"Si kitu, Baba. Ndiyo maana nimeiandika."

Jibu hilo halikusaidia. Jumatatu binti hakuonekana darasani. Mwalimu mkuu naye akatoa muda: shule zikifungwa kabla darasa halijarudi kusoma kama zamani, litapewa mtu mwingine. Mwalimu Mbona alikonda siku zile. Aliniambia kuhamishwa hakumtishi. Alichoogopa ni kwamba huenda amekosea, na amemvunja moyo mtoto aliyekuwa akijivunia kusoma, kwa ajili ya maswali yake tu.

Kilichofuata tulisimuliwa na fundi mwenyewe. Binti alikuwa akishinda naye kazini, akichezea vipande vya kitambaa mlangoni. Juu ya mlango palikuwa na kibao kikubwa cha NGUO ZA HARUSI, au ndivyo mtaa mzima ulivyojua. Mtoto alikitazama kwa muda, midomo ikimcheza, kisha akauliza, "Baba, hasuri ni nini? Ni neno la Mwalimu?"

Baba akamwambia asome vizuri. Akasoma vilevile: ha, su, ri. Fundi akatoka nje, pini bado mdomoni, akainua macho. Kisha akamwita fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Yule akasoma "harusi" bila kusita, akatazama tena, akashika kiuno. Mchoraji alikuwa amebadilisha nafasi za herufi mbili, na miaka yote hiyo maharusi na mashangazi zao wamepita chini ya kibao kile, hakuna aliyeona. Kila mtu alikuwa akisoma alichokuwa anakijua tayari.

Kesho yake fundi alimleta binti kwa mkono mpaka mlangoni mwa darasa. Nilikuwa hapo kibarazani.

"Mwalimu," alisema, "wateja wangu wote wanasoma harusi. Huyu kasoma kilichoandikwa."

Halafu, kwa sauti ya chini, akauliza kama anaweza kukaa nyuma kidogo asikilize. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa tigamu. Watoto wote walipiga kelele kumwonya, lakini yeye neno hilo hakulijua, akakaa. Kishindo chake nilikisikia mpaka kwangu.

Mwalimu mkuu alipopata habari alikuja na gazeti la siku ile na kuwanyooshea watoto kichwa cha habari. Walikisoma polepole, wakipokezana, lakini walikisoma. Akalikunja gazeti lake, akaondoka. Habari ya kumnyang'anya darasa haikutajwa tena.

Tangu hapo walimu wa shule jirani wamekuja kuiona kamba ile, na wengine wameondoka na kamba zao. Mwalimu Mbona hakuwahi kuwaambia ana dawa ya kila mtoto. Mwanafunzi mmoja aliyeng'oka meno ya mbele alishindwa kabisa na s, na tulipoanza kumhangaikia, Mwalimu alitutuliza: "Macho yake yanaijua. Tusubiri meno." Mume wake, fundi umeme, analalamika kwamba hajawahi kutembea naye mtaa mmoja bila kusimamishwa chini ya kibao.

Mwaka jana shangazi mmoja alimleta mtoto asiyeona. Akiwa mbele ya ubao, mtoto aliuliza, "Mwalimu, m ikoje?" Mwalimu alimchorea kwa kidole kiganjani. Mtoto akacheka, akasema inamtekenya. Baadaye alipata nafasi katika shule inayofundisha nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, nasi tukafurahi. Mwalimu Mbona hakuridhika. Kwa siku kadhaa alikaa ofisini akipapasa mgongo wa kitabu. "Kaniuliza swali la kazi yangu," alisema, "nami sikuwa na jibu."

Jumamosi iliyopita alianza kujifunza nukta nundu. Jumatatu tulimzunguka atusimulie, akatuonyesha ncha za vidole kama mtu aliyeungua.

"Nimekwama kwenye herufi tatu asubuhi nzima. Mwalimu wangu ni kijana, rika la mwanangu wa mwisho. Anarudia, anarudia, wala hanuni. Jamani, kumbe wale wadogo walikuwa na ujasiri hivi, na kila siku wanarudi!"

Mwalimu Mbona, asante kwa kila mtoto uliyeniletea akiwa na njaa ya kusoma. Asante pia kwa maswali yaliyotupozea chai. Sisi wa upande wa pili wa ukuta, pamoja na wenzetu wote, tunakuombea afya njema, wajukuu wenye maswali kukuzidi, na mwalimu mwenye subira.