Kilomita Sitini na Nne za Mdogo Wangu

Ndugu, majirani na marafiki mliokuja kutushika mkono, mimi ni kaka wa marehemu, shemeji yangu ameniomba niwasomee maisha ya mume wake, nami nitasoma polepole kwa sababu siku hizi nne zimenichosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, kitinda mimba wa baba yetu fundi viatu, akaanza shule mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1980, akienda na kurudi kwa baiskeli, hata tukamwita Mnyororo, na ujanani alishinda mbio ndefu za baiskeli mara tatu.

Tarehe 2 Februari 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi, akafunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988, wakajaliwa mabinti wawili, na kwa zamu za kazi na ulezi, mwaka 1991 akaitundika baiskeli ukutani. Mwaka 2004 nilimzika mama bila kumsubiri mdogo wangu afike, tukanuniana miaka kumi na mmoja.

Tarehe 6 Januari 2014 aliishusha baiskeli, akafika duka la dawa la kona tu, akarudi akiikokota, akamwambia mkewe, "Mapafu yamenisahau." Kwa kuona aibu ya kupitwa na kila mtu alijikaza kupita kiasi, goti likavimba, akalala wiki tatu, ndipo muuguzi jirani akamwambia, "Baba, nyonga mwendo unaokuruhusu kupiga soga, ukikosa pumzi ya kuongea, punguza." Basi akawa ananyonga peke yake huku anaongea, mtaa mzima ukaamini amerukwa na akili, kumbe alikuwa anapanga maneno ya kuja kuniambia. Kilomita tano zikawa kumi na mbili, zikawa thelathini, mvua ikamrudisha nyuma, akaanza upya, akachoka, akaanza tena.

Tarehe 18 Aprili 2015, baada ya kilomita sitini na nne, aliingia uani kwangu, midomo imekauka, akasema, "Kaka, nipe maji, maneno yote yameishia njiani." Tulikaa hadi jioni tukiongea habari za watoto, ya mama hatukuyagusa, na tangu hapo akawa anakuja kila mwezi.

Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na kwa wale wanaonong'ona kwamba baiskeli ndiyo iliyomuua, daktari ametuambia miguu ile na moyo ule ndivyo vilivyomwongezea miezi. Tarehe 27 Mei, wodini, nilimwomba radhi kwa yale ya mazishi, akafumba macho, akasema, "Hilo nililimaliza zamani, kilomita ya arobaini hivi." Alifariki tarehe 3 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompisha barabarani, na wenzake wa kiwandani waliochapa karatasi hii ninayoisoma.

Lala sasa, mdogo wangu, hakuna anayekuharakisha.