Ndogo Yenye Tumbo: Miaka Ishirini na Miwili ya Cephas Nyakwaka

Cephas Nyakwaka, fundi wa mitambo wa Redio Ukingo, amefanya kazi hapa Homa Bay miaka ishirini na miwili. Ijumaa hii, tarehe ishirini na sita Juni, anastaafu. Jumamosi anavuka kwenda kwao kisiwani Mfangano pamoja na mke wake Jerusha, mizigo yao na paka. Nimepewa kuandika mimi, Filister Akeyo, mwenye chai na funguo, kwa sababu siku Cephas alipoingia hapa mara ya kwanza ni mimi niliyemfungulia mlango. Wengine wenu wakati huo mlikuwa mnanyonya. Kwa hivyo someni, na msinirekebishe Kiswahili.

Siku ile hakuwa anatafuta kazi. Alikuwa ameitwa kutengeneza friji ya hoteli ya jirani, akakosea mlango. Alitukuta tunahangaika na mtambo uliokuwa unalia kama mbuzi. Akaomba ajaribu. Akaufungua, akaushikashika, kilio kikaisha, na mtambo wenyewe nao ukanyamaza kabisa mpaka kesho yake. Tulimwajiri hivyo hivyo, kwa sababu alirudi kesho yake bila kuitwa akamaliza kazi. Ile hoteli ilibaki na friji mbovu na hawajamsahau.

Kazi yake haikuwa ya kukaa ofisini tu. Redio yetu ilianzishwa ili watu wa huku wasikie lugha zao, Dholuo, Kisuba, Kikuria, na mtu wa kuzifuata lugha hizo alikuwa Cephas na mashine yake ya kanda. Amerekodi Mfangano kote, nyumba kwa nyumba. Amefika Ntimaru mara nyingi hata wafugaji wa kule wakamzoea, ingawa Kikuria chake mpaka leo ni cha kubahatisha. Kule Osiri kwenye dhahabu, mashine za kusaga mawe zilipiga kelele mpaka akashindwa kumsikia mama mmoja aliyekuwa anaeleza maisha ya machimbo. Akamwingiza ndani ya choo kipya kilichokuwa hakijaanza kutumika, akafunga mlango, akasimama nje ameshika waya. Mazungumzo yale yametoka safi sana. Tumeyarusha hewani mara nyingi na hakuna msikilizaji aliyejua yalipofanyiwa, mpaka leo mnaposoma.

Sasa nieleze jambo moja ambalo bila hilo hamtaelewa mengine. Kabla ya kurekodi mtu, fundi lazima apime sauti. Mafundi wengine humwambia mtu aseme moja, mbili, tatu. Cephas aliuliza kila mtu swali lile lile: umekula nini asubuhi? Alisema mtu akihesabu anatoa sauti ya shule, lakini akiulizwa chakula anatoa sauti yake ya nyumbani. Hapo sikumpinga. Nililompinga ni kwamba akishauliza hakujua kunyamazisha. Mtu angeanza na chai na nyoyo, ile mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aingie kwa habari ya mahindi yaliyopikwa nyoyo hiyo, afike kwa shemeji aliyeleta mahindi, na Cephas amekaa tu anatingisha kichwa, chai yangu inapoa. Kuna mahojiano ambayo mwanzo ni mrefu kuliko mahojiano yenyewe.

Kutoka kwa kanda yote haya yaliingia kwa CD, na kutoka kwa CD yakaingia kwa kompyuta kubwa iliyokuwa chini ya meza ya studio. Wote mmeipiga teke hiyo kompyuta kwa miaka, na mimi nimewaambia kwa miaka mwache. Mwezi wa Machi mwaka huu ikaanza kukwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Cephas akainama, akaweka sikio, akasema diski inakufa. Ndani yake kulikuwa na kila sauti tuliyowahi kukusanya. Wengi wa wale wazee wa Kisuba wamezikwa. Hakuna pa kwenda kuwarekodi tena.

Meneja wetu, Millicent Auko, aliitisha mkutano. Alipendekeza tununue kompyuta ya kawaida, na kwa vile nafasi ingekuwa finyu, zile sehemu za mwanzo za chai na nyoyo zikatwe zote, maana hazirushwi hewani. Si wazo la kijinga. Hata mimi niliona sawa, na nikasema.

Cephas hakubishana. Si mtu wa kubishana, na hiyo ni tabia mbaya wakati mwingine, kwa sababu unabaki ukijibishana peke yako. Aliomba tusikilize tatu tu, zote za ule mwaka ziwa lilipopanda likameza nyumba. Akafungulia. Sauti yake inauliza, na mwanamume wa Sindo anajibu, "Chai kavu." Anauliza tena, na mama wa Mfangano anajibu, "Bado." Mara ya tatu mama mwingine anasema, "Kilichokuwako tumewapa watoto."

Sitaandika kwamba watu walilia. Hakuna aliyelia. Millicent alisema basi, hakuna kinachokatwa, Cephas atafute mashine kubwa ya kutosha kabla hii haijazima.

Cephas akasema hataki kubwa. Anataka ndogo yenye tumbo la kubeba yote.

Hapo ndipo nilipokosana naye, kwa sababu alichukua mwezi mzima kuitafuta huku ile ya zamani inakwaruza. Alikuwa na sababu zake na niziandike kwa haki. Mvua ilikuwa imeshinda mabati ya studio na mafundi walikuwa karibu kuezua paa, kwa hivyo mashine ingekaa kwanza nyumbani kwake, hapo nyuma ya redio, na kutuletea sauti kwa waya. Nyumbani kwake ni sola na betri. Kompyuta kubwa ingekunywa ile betri yote kabla ya saa sita ya usiku. Ndogo inakunywa kama laputopu. Lakini ndogo nyingi ni dhaifu, watu wawili wakitaka sauti kwa wakati mmoja inakwama. Alitaka ndogo yenye nguvu, yenye diski mbili ndani, kila moja ikitunza kile ambacho mwenzake anatunza, ili moja ikifa tusikimbizane tena.

Alizunguka Homa Bay, akaenda Rongo, akafika Migori. Kila duka aliuliza mambo matatu: inakunywa stima kiasi gani, inafunguka kwa bisibisi, na inapumulia wapi. Hilo la mwisho alilipenda kabisa. Aliigeuza mashine, akatafuta matundu, akaweka kiganja mbele yake asikie hewa ya moto inatokea upande gani. Pale Migori kuna muuzaji anaitwa Angwenyi, ambaye alimvumilia kwa ziara nne. Ya nne Angwenyi akamwambia mbele ya wateja, "Mzee, unanunua kompyuta ama unaoa?"

Cephas akamjibu kwamba akioa hawezi kurudisha.

Basi akainunua. Ukubwa wake ni kama mkate. Niliposhika niliona ni nyepesi nikauliza kama Angwenyi amesahau kuweka vitu ndani. Akaipeleka nyumbani, akaiweka juu ya kabati sebuleni, karibu na televisheni, akapitisha waya juu ya kamba yangu ya kuanika nguo bila kuniuliza, akaanza kunakili sauti kutoka ile ya zamani. Kazi ya siku nyingi, alisema, lakini ikishaanza inajiendea.

Haikujiendea. Kila mchana, jua likikaza, ile ndogo ilizima. Kazi inakatika katikati. Kila ikikatika lazima na ile ya zamani iwashwe upya, na kila ikiwashwa inakwaruza zaidi, na siku mbili ilikataa kabisa kuamka mpaka Cephas akaipiga kofi. Alianza kukonda. Alishuku sola, akabadilisha nyaya. Alishuku kamba yangu ya nguo, jambo ambalo tulilimaliza haraka. Mwishowe akaibeba ile mashine mpaka Migori kugombana na Angwenyi. Angwenyi akaiweka juu ya kaunta, akaiwasha, ikafanya kazi kutwa nzima bila kulalamika huku wateja wanaitazama. Cephas akairudisha Homa Bay. Kesho yake mchana ikazima.

Wanaofahamu nyumba ya Jerusha wameshajua. Jerusha ni mama wa kanisa na mikono yake haikai bure. Katika nyumba yake hakuna kitu kinachokaa uchi. Kila kiti kina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa chenye mikunjo kama gauni. Mashine ilipoingia sebuleni, aliifumia chake siku hiyo hiyo, cheupe chenye ukingo wa bluu, kinene kizuri, kikaifunika mpaka miguuni. Na Cephas kila alipotoka kazini kuangalia kwa nini imezima, aliinua kitambaa, akaikagua, akaiona haina shida, akaiwasha, halafu akaifunika tena vizuri na kunyoosha ukingo. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mimi mwenyewe nilipokwenda kumsalimia Jerusha nilikisifu.

Aliyetuokoa ni paka. Wana paka wanamwita Chifu, kwa sababu anakula kwa kila mtu na hafanyi kazi. Siku zote Chifu alilala jikoni karibu na jiko. Jioni moja Cephas amekaa na kikombe, amechoka, Jerusha akamwambia, "Baba Phanice, hii mashine yako imeniharibia paka. Jikoni hataki tena. Analala juu yake kutwa, na nywele zote zinabaki kwa kitambaa changu."

Cephas aliweka kikombe chini. Akaenda, akaingiza mkono chini ya Chifu. Jerusha anasema alikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Kisha akasema, "Jerusha, tumeiziba pua."

Mtu aliyeuliza Migori nzima mashine inapumulia wapi. Nimemcheka kwa hilo tangu Mei na leo nacheka kwa maandishi, nakala mia moja.

Kitambaa kikatoka. Mashine haikuzima tena. Kunakili kukaenda usiku na mchana mpaka kazi ikaisha, mianzo na miisho, bila kukatwa hata kikohozi. Wiki iliyofuata ile ya zamani ilikataa kuamka, akaipiga kofi, ikakataa, akapiga tena, basi. Tumeiweka stoo. Msiende kuipiga teke.

Paa la studio limekwisha na ile ndogo imerudi ofisini, juu ya rafu yake peke yake. Jerusha amekitoa kile kitambaa kwa redio, na kimewekwa chini ya mashine, si juu. Anayeichukua kazi ni Celestine Robi wa Ntimaru, ambaye mmemwona, yule mrefu anayerudisha kikombe chake mwenyewe. Cephas amemfundisha tangu Februari. Cephas hajui kufundisha. Anakuonyesha kitu mara moja kwa haraka halafu anakutazama. Celestine amejifunza kwa kumkatalia kuondoka mpaka arudie polepole, na ndiyo sababu naamini ataweza.

Kuna mambo mengine ya Cephas ambayo sitayasifu. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kufunga geti. Alikopesha ngazi ya ofisi kwa mtu wa Mbita na haijarudi. Alipoitwa kwa sherehe ya wafanyakazi apewe cheti, alikuwa juu ya mlingoti na akasema apewe huko huko. Lakini mlingoti huo uliposhuka kwa upepo mwaka wa juzi, redio ilikuwa hewani tena kabla ya matangazo ya vifo ya jioni, na familia zilizokuwa zinangoja kusikia jina la mtu wao zilisikia. Hayo nimeyaona kwa macho yangu.

Jumatatu wiki hii, Millicent alisema jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amefikiria. Katika ile mashine yote, sauti ya Cephas iko kila mahali na Cephas mwenyewe hayuko. Anauliza tu. Hajawahi kuulizwa. Kwa hivyo Celestine akamkalisha upande wa pili wa meza, upande wa wageni, na akafungua kipaza sauti. Cephas aliangalia nyaya, akaangalia mlango. Mikono hakujua aiweke wapi.

Celestine akamuuliza, "Mzee, umekula nini asubuhi?"

Akakisogelea kipaza sauti. Halafu akasema, "Chai na nyoyo. Ya jana." Akaongeza, "Nyoyo ya mwisho katika nyumba yetu ya hapa. Jerusha ameshafungasha sufuria." Na kama kawaida yake, akamuuliza Celestine kama sauti iko sawa.

Celestine akamwambia iko sawa, aendelee. Akaendelea, kwa muda mrefu sana, na hakuna kilichokatwa. Iko ndani, ya mwisho katika orodha mpaka atakaporekodiwa mwingine. Anayetaka kuisikiliza amwone Celestine, na aache kikombe nje.

Cephas Nyakwaka, Redio Ukingo inakushukuru wewe na Jerusha, na Chifu kwa sehemu yake. Mfangano wakupokee vizuri. Ule, ulale, ufunge mageti ya huko. Asubuhi asubuhi mmoja wetu atakuwa anakupigia simu kukuuliza umekula nini, na nitakuwa nimesimama karibu na hiyo simu. Kwa hivyo uwe umekula.

Filister Akeyo,
chai na funguo